Usimikaji Itikivu: Sanaa Inayomjibu Mtazamaji

Aprili 1969, katika ukumbi wa maonyesho wa Memorial Union wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani, wageni walikaribishwa katika chumba chenye giza. Ukutani ilipita mirija iliyojaa maji yenye chembe zinazong'aa, ikapenya ndani ya nguzo zilizoficha taa. Mbele ya kila nguzo, sakafuni, kulikuwa na kibao kinachohisi uzito wa mguu. Mtu akikikanyaga, kompyuta ilipata habari, ikawasha mrija mmojawapo au ikaamsha sauti katika kinanda cha umeme cha Moog. Kazi hiyo iliitwa GLOWFLOW. Miongoni mwa walioiunda alikuwamo Myron Krueger, aliyekuwa akisomea sayansi ya kompyuta chuoni hapo, pamoja na Dan Sandin, Jerry Erdman na Richard Venezky.

Tangu hapo vikundi vya wanafunzi katika vyuo vingi duniani vimetengeneza kazi za aina hiyo, na mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuzieleza hukwama mapema: aziite nini? Wengine hutamka tu “instolesheni”, na msikilizaji asiyelijua neno hilo tangu zamani habaki na lolote la kushika.

Sehemu ya kwanza ya jina, ile inayosema kwamba kitu kimewekwa mahali, haina ugumu mkubwa. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kuweka kitu mahali pake kikafanya kazi. Fundi hufunga feni, hufunga mita ya umeme, hufunga kamera juu ya mlango. Programu ya kompyuta husakinishwa. Nguzo na mlingoti husimikwa, na vivyo hivyo chifu au askofu husimikwa katika cheo chake. Kati ya vitenzi hivyo, kusimika ndicho kinachofaa zaidi kwa sanaa, kwa kuwa kinabeba maana mbili ambazo kazi hizi zinazihitaji pamoja: kitu kimesimamishwa mahali mahususi, na kwa kusimamishwa hapo kimepata hadhi ambayo hakikuwa nayo. Mirija ya maji ikiwa stoo ni vifaa tu. Ikishasimikwa ukutani, gizani, chumba kizima kinakuwa kazi ya sanaa, na mtazamaji anaingia ndani yake badala ya kuitazama kwa mbali kama picha iliyotundikwa. Huo ndio usimikaji.

Tabu iko kwenye sehemu ya pili, ile sifa inayosema kwamba kazi hubadilika kwa sababu ya mtazamaji. Neno linalokuja mdomoni haraka ni “shirikishi”. Ni neno zuri, ila linasema jambo jingine. Chukua Wish Tree, kazi ya msanii Yoko Ono ambayo imezunguka nchi nyingi tangu miaka ya 1990: wageni huandika matakwa yao kwenye vipande vya karatasi na kuvifunga kwenye matawi ya mti. Hapo watu wameshirikishwa kwa dhati, kwani bila wao mti ungebaki mtupu. Lakini mti haumjibu yeyote. Hautambui kwamba mtu amefika wala kwamba amesogea. GLOWFLOW ilitambua, kisha ikatenda.

Kitenzi cha tendo hilo kipo siku nyingi. Mtu akiitwa huitika, kiongozi wa wimbo akianza, wenzake huitikia, msimulizi akisema “Paukwa!” haendelei mpaka asikie “Pakawa!” Kutokana na kusikia tuna sikivu, kutokana na kuvumilia tuna vumilivu. Kwa njia hiyohiyo, kuitikia kunatupa itikivu. Usimikaji itikivu, basi, ni kazi ya sanaa iliyosimikwa mahali, ambayo mtazamaji huiita kwa mwili wake, nayo ikamwitikia.

Historia ya Krueger mwenyewe inaunga mkono uteuzi huo. Katika GLOWFLOW waundaji waliamua kuchelewesha jibu makusudi. Walihofia kwamba wageni wakigundua kuwa hatua zao zinaleta mwanga, wataanza kurukaruka na utulivu wa chumba utavunjika. Matokeo yake, wengi hawakujua kama wanajibiwa. Watu wasiojuana walipiga makofi, wakaimba na kubuni michezo gizani, ila uhusiano wao na kompyuta ulibaki fumbo. Krueger aliondoka na msimamo ambao hakuuacha tena: mshiriki lazima ajue kwamba mazingira yanamjibu, na yanamjibuje. Mwitiko usiotambulika haukumtosha.

Mwaka uliofuata alionyesha METAPLAY. Sura ya mgeni ilichukuliwa na kamera na kuonekana kwenye skrini kubwa, huku Krueger, akiwa katika jengo jingine la chuo, akichora kwa kompyuta mistari iliyotokea juu ya sura hiyo. Siku moja alijaribu kuchora juu ya picha ya mkono wa mgeni. Mgeni akasogeza kidole, mstari ukamfuata; akasogeza tena, mstari ukarefuka, na akaelewa kwamba anaweza kuchora hewani. Alipokigusa kidole cha jirani yake, uwezo huo ukahamia kwa jirani. Kazi ilikuwa imeita, mtu akaitika, mtu akaita, kazi ikaitika.

Leo kazi ambayo Krueger aliifanya kwa mkono hufanywa na programu ya kompyuta. Text Rain ya Camille Utterback na Romy Achituv, ya 1999, inaonyesha jinsi kanuni yake inavyoweza kuwa nyepesi. Mgeni husimama mbele ya ukuta mweupe na kujiona kwenye skrini kama kwenye kioo. Herufi huanguka kutoka juu. Programu hupima weusi wa picha chini ya kila herufi: pakiwa peupe, herufi huendelea kushuka; pakiwa peusi kupita kiwango kilichowekwa, hutua. Kwa hiyo bega hupokea herufi, mkono ulionyooshwa huzikusanya mpaka neno likasomeka, na kitambaa kikitandazwa na watu wawili hunasa mstari mzima.

Utterback alisomea ITP, programu ya masomo ya Chuo Kikuu cha New York iliyoanza 1979, ambako wanafunzi huonyesha kazi zao kwa umma mara mbili kwa mwaka, majira ya baridi na ya kuchipua. Katika maonyesho ya namna hiyo ndipo neno itikivu linapopimwa. Mgeni amelelewa na vibao vya “Usiguse”. Akifika mbele ya kazi husimama mbali, mikono nyuma. Ikiwa kihisi, yaani kile kifaa kinachotambua mwendo, mguso au mwanga, hakikupangwa kumwona mtu wa mbali, ataondoka akidhani mitambo imezimwa. Kikundi kilichofikiri vizuri huifanya kazi itoe dalili mapema, mtu akiwa bado hatua kadhaa nyuma: taa moja kufifia, sauti moja kushuka.

Kwenye kadi ya maelezo, chini ya jina la kazi na mwaka, panatosha kuandikwa: usimikaji itikivu, kamera, projekta, kompyuta. Walioutengeneza ni wasimikaji. Jibu la kazi ni mwitiko, na muda unaopita kati ya hatua ya mgeni na jibu hilo, ule ambao GLOWFLOW iliurefusha kwa hiari, ni ucheleweshaji wa mwitiko. Mti wa Yoko Ono ubaki na jina lake la haki, usimikaji shirikishi.