Insha ni pambo au ni hoja?

Muhula uliopita nilimpa mwanafunzi wangu swali la historia ya lugha: kwa nini mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja, wala si Kimvita, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu? Aliniletea kurasa sita tamu ajabu. Kimvita alikifananisha na bibi harusi aliyevishwa dhahabu kisha akanyimwa bwana. Nilisoma mara mbili kwa raha. Halafu nikaitafuta misafara ya biashara iliyokifikisha Kiunguja bara kabla ya ukoloni, sikuiona. Nikakitafuta kitabu cha Edward Steere cha 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, hakimo. Wamisionari wa Mombasa, waliokuwa wakikitumia Kimvita, hawakutajwa hata mmoja. Nikampa alama za chini. Akaja ofisini, karatasi mkononi: "Lakini Prof, si hii ni insha?"

Nilikosa jibu la haraka, maana kihistoria hakukosea. Neno insha tumelipata kwa Waarabu, na kwao lilikuwa jina la sanaa ya makatibu wa dola: kutunga barua za sultani kwa nathari iliyonakshiwa, aghalabu yenye vina. Kule Cairo ofisi nzima iliitwa Diwani ya Insha. Katibu wake mmoja, al-Qalqashandi, aliyefariki 1418, aliwaandikia makatibu mwongozo ambao ulipopigwa chapa karne ya 20 ulijaza majuzuu 14! Ulaya walianzia kwingine. Montaigne alipochapisha zake mwaka 1580 aliziita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya majaribio, yaani mtu kulipima wazo lake aone litasimama au litaanguka. Sisi tunalitumia neno la Cairo kwa kazi ya Montaigne, kisha twashangaa wanafunzi wakikanganyikiwa.

Tatizo lenyewe lilionekana mapema, tena na mtu wa ndani. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alikuwa katibu wa Sultani Abu Salim huko Fez kuanzia 1359. Anasimulia katika tawasifu yake kwamba barua nyingi aliziandika kwa nathari ya kawaida isiyo na vina, na watu wa kazi hiyo wakaona ni kioja. Katika Muqaddima, aliyoiandika 1377, anawashambulia makatibu wa zama zake: wameshindwa kuyapa maneno kipimo kinacholingana na jambo linalosemwa, basi pengo hilo wanaliziba kwa vina na mapambo. Amri ya mfalme, anashikilia, haistahili kuchezewa hivyo. (Dibaji ya kitabu hichohicho, jamani, ameiandika kwa vina. Hata yeye ulimi ulimwasha.)

Shutuma hiyo ingeweza kuandikwa leo kuhusu madarasa yetu. Mtoto hukaririshwa kwamba alirauka alfajiri ya Mungu, kwamba wahenga hawakukosea walipolonga, kabla hajaulizwa ana lipi la kusema. Akifika kidato cha nne, Karatasi ya Kwanza inamtaka aandike insha mbili za alama 20 kila moja, naye anaingia na mzigo wa methali begani akitafuta pa kuutua. Lakini sikubaliani na wenzangu wanaotaka mapambo yafutwe kabisa. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama anajitetea barazani kwa visa vya wajumbe sita, na kila kisa ni ushahidi dhidi ya dola iliyowafunga. Huwezi kung'oa hadithi pale ukabaki na utetezi.

Basi nilimrudishia msichana karatasi yake nikamwambia bibi harusi abaki, ila nataka kujua ni nani aliyemnyima bwana, na kwa sababu gani. Juzi ameleta kurasa tisa. Wapagazi wa misafara wako ukurasa wa kwanza, Steere yuko wa tatu. Bibi harusi anatokea ukurasa wa saba, na safari hii nilimhurumia.