Taa Yako, Kelele Yangu

Mpagazi wa msafara wa karne ya 19, yule aliyetoka Bagamoyo au Mombasa kwenda bara kwa miguu, alibeba mzigo wa ratili 60 hivi, karibu kilo 27. Hema, shanga, pembe, chupa za mvinyo za bwana mkubwa, vyote vilifungwa kwa kipimo cha kichwa na bega la mtu. Theodore Roosevelt alipokuja huku kuwinda mwaka 1909, alihitaji wapagazi zaidi ya 200. Kulala porini kwa raha kulikuwa na gharama, na gharama hiyo ilitembea kwa miguu.

Sasa weka kando yake jenereta ya Honda EU2000i, ile nyekundu yenye mkono juu kama sanduku la safari, ambayo Wamarekani wanaovuta trela za kulala kwenda kambini waliipenda sana. Ina kilo 21 hivi. Ni nyepesi kuliko mzigo wa mpagazi, na inatoa wati 1,600 bila kupumzika: friji ndogo, taa, simu za kambi nzima, hata birika la chai ukizima vitu vingine kwanza. Kati ya mizigo hiyo miwili kuna historia ya miaka mia moja hivi. Wengi huisimulia kama historia ya nguvu za umeme. Mimi naisoma kama historia ya kelele, yaani nani anapata taa na nani anabaki na mngurumo.

Tuanze na Attilio Gatti, Muitaliano aliyefanya misafara mingi Afrika na kuiandikia vitabu. Mwaka 1938 alielekea Kongo ya Wabelgiji na trela mbili zilizotengenezwa na International Harvester ya Marekani na kuchorwa na Alexis de Sakhnoffsky, mbunifu wa magari ya kifahari. Ziliitwa Jungle Yachts, mashua za anasa za msituni. Ukiziegesha sambamba na kuziunganisha, zinakuwa nyumba ya vyumba vitano. Kulikuwa na jiko la umeme, bafu, na kiyoyozi. Kiyoyozi bana, msituni Kongo, 1938! Na kwa kuwa hakukuwa na waya wa kampuni yoyote hapo karibu, umeme wote ulizalishwa na jenereta waliyokuja nayo wenyewe.

Hizo trela zilikuwa tangazo la biashara lenye magurudumu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: ukiwa na mashine zetu, pori halina la kukufanya. Unaweza kufika katikati ya bara la watu wengine bila kubadilisha hata joto la chumba chako.

Gatti alirudi mwaka 1947, safari hii Afrika Mashariki, akidhaminiwa na Hallicrafters, kampuni ya redio ya Chicago. Walianzia Mombasa na macho yao yalikuwa kwenye Milima ya Mwezi, yaani Rwenzori. Aliandamana na waendesha redio wawili Wamarekani, Bob Leo na Bill Snyder, kazi yao ikiwa kuwasiliana na wenzao duniani kote kutoka kambini. Mitambo ya kurusha sauti ya enzi hizo ilikula umeme kama moto wa kuni mbichi unavyokula kiberiti. Ili mtu wa Chicago asikie neno moja kutoka Kenya, ilibidi jenereta ingurume. Mwenye redio alivaa vifaa vyake masikioni akasikiliza dunia. Aliyekaa nje alisikiliza injini.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1959, Wally Byam, mwanzilishi wa trela za Airstream zile za bati linalong'aa, aliongoza msafara kutoka Cape Town hadi Cairo. Trela 41, zikapita Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia, zikaishia kupigwa picha karibu na mapiramidi. Byam hakuwa anauza umeme hasa. Alikuwa anauza kujitegemea. Mwaka 1957 kampuni yake ilitoa trela iliyoundwa ili mtu alale popote bila kuunganishwa na mabomba wala nyaya za mtu. Popote! Hebu fikiria neno hilo lilivyosikika Kenya ya wakati huo. Hali ya hatari iliyotangazwa 1952 haikuondolewa mpaka Januari 1960, na katika miaka hiyo Mkikuyu alihitaji kibali kutoka eneo moja kwenda lingine. Barabara ilikuwa ile ile. Mwenye trela aliiona kama uhuru, mwenyeji akaiona kama kizuizi.

Lakini kumbuka, hadi hapo jenereta ya kambini bado ni kitu cha msafara wenye wadhamini. Iliyoifikisha mikononi mwa watu wa kawaida ni hadithi nyingine kabisa, na inaanzia kwenye baiskeli.

Mwaka 1946 Japani ilikuwa imetoka kushindwa vita. Mjini Hamamatsu, Soichiro Honda akakutana na injini ndogo iliyotengenezwa kuendesha jenereta ya redio za jeshi. Vita vimekwisha, redio hazina kazi, injini zimekaa tu. Akaifunga kwenye baiskeli, na kwenye majaribio ya kwanza akatumia chupa ya kukandia maji moto kama tangi la mafuta. Injini hizo zilizobaki, kama 500 hivi, zikauzwa zikaisha, naye akaanza kuunda zake mwenyewe. Kwa hiyo boda yoyote ya Honda unayopanda leo ina babu, na babu huyo alikuwa injini ya jenereta.

Mwaka 1965 mjukuu akarudi kwenye kazi ya babu. Honda ikatoa E300, jenereta yake ndogo ya kwanza kuzalishwa kwa wingi. Haikuhitaji lori wala mdhamini. Mtu mmoja aliweza kuibeba kwa mkono, akavuta kamba, akawa na umeme.

Shida ikabaki moja, na kila anayeishi karibu na kinyozi wa mtaani anaijua stima zikipotea. Jenereta ya kawaida haina staha. Ili itoe umeme wa hetzi 50 kama wetu, injini yake huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Marekani, kwenye hetzi 60, ni mara 3,600. Haijali kama umewasha friji au balbu moja. Ikipunguza mwendo, umeme wenyewe unaharibika. Kwa hiyo inapiga kelele za kazi kubwa hata inapofanya kazi ndogo, kama yule jamaa wa ofisini.

Jibu lilikuja kwenye jenereta za inveta, ambazo Honda ilizisambaza kwa wapiga kambi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndani yake umeme unaotoka kwenye injini hugeuzwa kwanza kuwa wa mkondo mmoja, kama wa betri, kisha saketi huuunda upya kuwa umeme safi wa hetzi zinazotakiwa. Mwendo wa injini na hetzi za umeme vikatenganishwa. Ukiwasha taa tu, injini inatulia. Ukiwasha birika, inaongeza mwendo. Ona basi kilichouzwa hapo. Jenereta kubwa na zenye nguvu zaidi zilikuwepo tayari. Watu walilipa zaidi, mara nyingi kwa nguvu kidogo zaidi, ili wanunue utulivu.

Na kwa nini walihitaji utulivu? Kwa sababu majirani walikuwa wamechoka. Kwenye hifadhi za taifa za Marekani, sheria inakataza jenereta na mashine nyingine kuvuka desibeli 60 kwa umbali wa futi 50, kama mita 15. Inakataza pia kelele zisizo na maana kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kambi nyingi huweka saa maalumu za kuwasha jenereta. Yaani nchi iliyouza ndoto ya kujitegemea popote ililazimika kuandika sheria inayosema: ndiyo, jitegemee, lakini kuna mtu kwenye hema la pili.

Kuna kitu kingine hicho chombo hutoa, na hakina sauti. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ile ile inayoua familia zinazolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Tangu 2007 Marekani imelazimisha kila jenereta ndogo ibandikwe onyo kwamba ukiitumia ndani inaweza kukuua kwa dakika chache. Bado watu kama 100 hufa huko kila mwaka. Ushauri ni kuiweka angalau mita sita kutoka unapolala, moshi ukielekea kusiko na watu. Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu kambini, kwa sababu mita sita kutoka kwako zinaweza kuwa mita mbili kutoka kwangu.

Siku hizi vijana wa Nairobi wanapiga kambi Naivasha na Nanyuki, na wengi wanabeba betri za sola badala ya jenereta. Sawa. Lakini usidhani hadithi imeisha, kwa sababu imeshahamia mjini. Soma matangazo ya nyumba za kupanga. Kisima, kamera za usalama, jenereta ya dharura. Mpangaji anaambiwa lifti haitasimama. Hakuna tangazo linalosema bomba la moshi linatazama dirisha la nani, au askari wa geti analala wapi mashine ikinguruma hadi asubuhi.

Mpagazi wa mwaka 1909 angalau alionekana. Ungeweza kumhesabu, na siku ya malipo ilibidi umtazame usoni. Jenereta ilipunguza mzigo ukawa kilo 21, ikampa kila mtu nafasi ya kuwa na taa yake bila kuomba ruhusa, na hilo si jambo dogo kwa yeyote aliyesomea mtihani kwa mshumaa. Ila sehemu ya mzigo haikupungua, ilihamia kwenye masikio na mapafu ya aliye upande wa pili wa ukuta. Kabla hujavuta ile kamba, zunguka upande wa moshi, usimame hapo kidogo, uone ni nani analala huko.