Muswada na Msomaji Asiye na Jina

Neno muswada tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni weusi. Waandishi wa kale waliiita hivyo karatasi ya kwanza, ile iliyopigwa wino juu ya wino, maneno yakafutwa na mengine yakachomekwa pembeni. Nakala safi wakaipa jina litokanalo na weupe. Baina ya weusi ule na weupe huu ndipo anaposimama mtu ambaye makala haya yamhusu: msomaji apewaye muswada na mhariri wa jarida la utafiti, akausoma, akaukosoa, akasema uchapwe au usichapwe, na mwandishi asimjue ni nani.

Wengi wetu twadhani kuwa mtu huyu ni mkongwe sawa na majarida yenyewe. Sivyo. Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alipotoa toleo la kwanza la Philosophical Transactions tarehe 6 Machi 1665, yeye ndiye aliyekusanya barua za wataalamu, akazifupisha na kuzipanga. Mwaka 1752 jumuiya hiyo iliunda kamati ya kupigia kura makala yaliyoletwa. Ripoti za maandishi zilikuja baadaye. Mnamo 1832 William Whewell na John Lubbock walipewa makala ya mwanafalaki George Airy, nao wakashindwa kuafikiana juu ya kazi yao hasa ni ipi: Whewell alitaka kuueleza ubora wa makala, Lubbock akatafuta makosa. Sisi tuliolelewa mabarazani ugomvi huo twaujua. Yupo asikilizaye shairi apate kuburudika, na yupo ahesabuye mizani kwa vidole. Hata hivyo, utaratibu huu haukuenea upesi. Jarida la Nature, pamoja na umaarufu wake wote, halikuufanya kuwa sharti hadi 1973.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Albert Einstein. Mwaka 1936, akiwa Princeton, Marekani, yeye na msaidizi wake Nathan Rosen waliandika makala wakidai kuwa mawimbi ya mvutano hayapo. Waliyapeleka Physical Review, na mhariri John Tate akayatuma kwa msomaji. Msomaji yule akarudisha kurasa kama kumi za ukosoaji. Einstein, ambaye huko Ujerumani alizoea kuona kazi yake ikipokewa na kuchapwa, alighadhibika. Alimjibu mhariri kwamba walipeleka makala yachapwe, wala hawakumpa ruhusa ya kumwonesha mtu mwingine kabla ya kuchapwa. Kisha akayaondoa na kuyapeleka Journal of the Franklin Institute.

Ukosoaji wenyewe, lakini, ulikuwa wa haki. Msomaji alikuwa Howard Percy Robertson, naye alikuwa mwalimu papo hapo Princeton. Baada ya kurejea kutoka safari, alizungumza na Leopold Infeld, msaidizi mpya wa Einstein, akamwonesha hesabu ilipokwenda kombo. Infeld akafikisha habari. Makala yalipotoka mwaka 1937, hitimisho lilikuwa limegeuzwa. Jina la Robertson halikuthibitishwa ila mwaka 2005, pale daftari la jarida lilipofunguliwa. Na mawimbi yenyewe yalinaswa na mitambo mwezi Septemba 2015. Fikiri, ewe msomaji: bwana mkubwa yule alikasirishwa na karatasi isiyo na jina, na mwenye karatasi alikuwa jirani yake.

Kwetu pwani mkosoaji alikuwa na jina na uso. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi baina ya 1776 na 1840, aliposhindana kwa tungo na washairi wa Lamu, kila upande ulijua ni nani anayeujibu. Shairi lilirudishiwa shairi. Aliyeona vina vimelegea alisema, na aliyesemwa akapata nafasi ya kujitetea mbele ya watu wale wale.

Utaratibu mwingine ukaja na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa niaba ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati ilitoa jarida lake, na pia ilisoma miswada ya vitabu vya shule kabla ya kuipa idhini. Kipimo kilikuwa Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja, na wajumbe wa miaka ya mwanzo walikuwa Wazungu. Sisi wa Unguja tusijisifu mno kwa hilo. Mtu wa Lamu au Mvita aliona neno alilorithi kwa babu yake likihesabiwa kuwa kosa. Lakini insafu yataka tuseme pia kuwa jarida hilo hilo lilitia tenzi zetu katika chapa. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya vita vya Wajerumani vya 1888 na 1889 ulitoka kama nyongeza yake mwaka 1955, pamoja na tafsiri ya J.W.T. Allen, na ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Majimaji ukafuatia mwaka 1957. Tangu 1964 kazi hiyo iliangukia taasisi ya Dar es Salaam, na jarida likaishia kuitwa Kiswahili.

Nami niliwahi kupeleka muswada kwa jarida moja, sitolitaja. Niliandika juu ya utenzi niliousikia kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu, aliyeuhifadhi kwa moyo. Nilitimiza masharti yote: ikisiri, kurasa zilizoachiwa nafasi, jina langu kuondolewa kila lilipoonekana, hata mahali nilipomshukuru mke wangu. Baada ya miezi mitano jibu likaja. Msomaji asiye na jina aliuliza bibi alifundishwa na nani, beti ngapi alizikariri bila kusita, na kama neno fulani katika ubeti wa tisa nimelisikia sawa, maana yeye aliona mizani imepungua.

Nilinuna. Nilijiambia huyu ni mtu wa mbali asiyejua hata harufu ya bahari, nikaitia barua ile katika mtoto wa meza. Miezi minane ikapita. Siku moja nikauimba ubeti wa tisa kwa sauti, peke yangu, na kweli mizani ilipungua moja. Jioni ile nikachukua kalamu na daftari nikaenda kwa bibi. Nilikuta mkeka umetandikwa uani na wajukuu wamekaa kimya. Hitima yake ilikuwa imesomwa juma lililotangulia.

Makala yalichapwa hatimaye. Ubeti wa tisa umo, na kando ya neno lile pana alama ya kuuliza.