Nani aliimwagilia miembe ya njia ya misafara? (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, chai iko mezani, naandika kabla usingizi haujanizidi nguvu. Sehemu ya tatu niliishia kwenye picha ya mwembe wangu ulio ndani ya bakuli, mkaniandama inboksi: "Sista, hiyo bonsai umenunua wapi?" Sijanunua. Kokwa lake limetoka nyumbani Kigwa, na huo mti mdogo ndio ulionifanya nianze kuitilia shaka hadithi niliyolishwa tangu utoto.

Hadithi yenyewe unaijua. Ukiuliza Tabora mjini, Kwihara, au Ujiji kule mwisho wa njia, ile miembe mikubwa ilitoka wapi, utaambiwa watumwa na wapagazi walikuwa wanakula maembe wakitembea, wanatupa makokwa, miti ikaota. Basi, imeisha hiyo. Nami nilikubali miaka yote, mpaka nilipootesha mwenyewe.

Kwanza tuelewane. Bonsai siyo aina ya mti. Ni neno la Kijapani, maana yake ni kupanda kwenye chombo cha kina kifupi. Waliotangulia ni Wachina: kwenye kuta za kaburi la mwanamfalme Zhang Huai, mwaka 706, walichorwa watumishi wamebeba vyombo vyenye mawe na miti midogo. Wajapani wakaichukua wakaifanya yao. Na usidhani mti hudumaa kwa sababu umenyimwa chakula. Ukiunyima unakufa, kama mgonjwa yeyote. Unapunguzwa mizizi, unapogolewa matawi, unafungwa waya uinamie unakotaka wewe, lakini maji na mbolea unapewa kwa ratiba.

Kuna msonobari mmoja ulianza kutunzwa mwaka 1625. Agosti 6, 1945, bomu lilipoanguka Hiroshima, ulikuwa nyumbani kwa familia ya Yamaki, kama kilomita tatu kutoka pale, nyuma ya ukuta, ukapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki akautoa zawadi kwa Marekani, uko Washington mpaka leo. Hakuwaambia kitu. Walikuja kujua mwaka 2001, wajukuu zake walipokwenda kuutazama. Niliposoma hapo nikasimama kidogo. Miaka karibu 400 ndani ya chombo! Maana yake hakuna kiangazi hata kimoja ambacho mtu alisahau kuumwagilia.

Mimi nilisahau kimoja tu. Mwembe wangu wa kwanza uliota vizuri mvua za Desemba, ukatoa yale majani mekundu laini, nikauhamishia kwenye bakuli, nikaukata ncha ya mzizi mkuu kwa mkasi. Mpaka Julai ulikuwa unapendeza. Agosti nikasafiri wiki mbili, mtoto wa jirani niliyemwachia akaenda likizo kwa shangazi yake. Nilirudi nikakuta fimbo kavu. Nikasema huenda ni kwa sababu ya bakuli. Mwaka uliofuata nikapanda miwili ardhini kabisa, Kigwa, nyuma ya nyumba ya mama. Mmoja uliliwa na mbuzi. Wa pili ulikauka Septemba, kwa sababu mama alikuwa anaumwa na hakuna aliyeshika ndoo.

Sasa twende kwenye historia. Kigwa siyo kijiji cha jana. Iko mashariki mwa Tabora, na Stanley aliipita mwaka 1871 akielekea Unyanyembe. Aliondoka Bagamoyo mwezi Machi, akafika Juni: miezi mitatu. Burton na Speke, waliofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 7, 1857, walitumia zaidi ya miezi minne. Wewe chukua kokwa la embe, liache juani wiki chache, kisha lipande uone. Halioti. Siyo kama mbegu ya mahindi unayoweza kuiweka ghalani. Likikauka, limekufa.

Kwa hiyo embe lililoliwa Bagamoyo haliwezi kuwa mwembe wa Tabora kwa bahati tu. Ama mtu alibeba kokwa akilitunza unyevu siku zote hizo, ama alibeba mche ndani ya chombo chenye udongo, ama miti ilisogea kituo kwa kituo, huu ukizaa ndipo kokwa lake linakwenda kituo cha mbele. Mimi naegemea hiyo ya tatu, ingawa picha ya mpagazi wa Kinyamwezi mwenye mche kichwani naipenda zaidi.

Na ukishafika? Stanley aliona nje ya matembe ya Waarabu wa Unyanyembe bustani zenye miti ya matunda, miembe ikiwemo. Huku kwetu mvua ikikatika mwezi wa tano, hupati tone mpaka Novemba. Kokwa lililotupwa njiani linaweza kuota masika, sikatai. Lakini mche wa miezi sita kuvuka kiangazi chake cha kwanza, katikati ya mbuzi, bila mtu? Hapana. Kuna mtu alichota maji kisimani kila jioni, na kwenye bustani zile aliyechota hakuwa mwenye tembe. Alikuwa mtumwa wake, mara nyingi mwanamke. Vitabu vimeandika jina la Stanley, la Livingstone aliyekaa Kwihara mpaka Agosti 1872, na la Mirambo aliyepigana na Waarabu hao. Yeye hakuandikwa. Halafu sisi tunasema makokwa yalitupwa!

Mwembe uliozaa kokwa langu haupo tena. Mwenye shamba aliuza shina kwa wachoma tofali, na simlaumu, alikuwa na ada za watoto. Niliwahi kuokota makokwa saba ya msimu wa mwisho. Yameota matatu. Mawili yako ardhini kwa mama, yamezungushiwa miiba. La tatu ndilo hilo la kwenye bakuli.

Kusema kweli mwembe siyo mti mzuri wa bonsai, majani yake ni makubwa na hayapungui kirahisi. Anayeanza aanze na mkwaju, majani yake ni madogo tayari na unavumilia ukikosea. Mimi nimeng'ang'ania huu kwa sababu zangu. Nikiwa zamu ndefu natundika juu yake chupa ya maji niliyoitoboa tundu la sindano, inadondosha tone tone kama dripu.

Sehemu ya tano nitawaonyesha jinsi ya kuchanganya udongo wa mkwaju. Wacha nilale.