Dawa Iliyotoka Udongoni

Leo tutasoma habari za udongo na dawa.

Mvua ya kwanza inapoinyeshea nchi kavu ya Newala, udongo hutoa harufu njema. Sehemu ya harufu hiyo hutengenezwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hugombania chakula na vingine. Baadhi yao hutengeneza sumu ya kuwaua adui zao. Sumu hiyo ndiyo iliyotupatia dawa.

Zamani mwenye ukoma alitengwa na jamaa zake. Wilayani Masasi kulikuwa na makazi ya wagonjwa hao huko Mwena, karibu na misheni ya Ndanda. Kifua kikuu nacho kiliua watu wengi.

Mwaka 1943, huko Marekani, Albert Schatz na mwalimu wake Selman Waksman walipata streptomaisini kutokana na kijidudu cha udongoni. Dawa hiyo iliponya kifua kikuu. Lakini ilipotumiwa peke yake, vijidudu vya ugonjwa viliizoea.

Mwaka 1957 udongo wa msitu wa misonobari, kusini mwa Ufaransa, ulipimwa mjini Milan, Italia. Kutokana na kijidudu kilichomo, katika miaka ya 1960 ilipatikana dawa ya rifampisini. Hiyo huua vijidudu vya kifua kikuu na vya ukoma pia.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na magonjwa haya mawili. Daktari Karel Styblo alisaidia sana, na nchi nyingi zikaufuata mfano huo. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri ukoma utibiwe kwa dawa kadhaa pamoja. Sasa mgonjwa hutibiwa bure kwa miezi 6 au 12, naye hukaa nyumbani kwake.

Lakini angalieni! Usipake udongo kidondani. Waweza kuleta pepopunda. Ukiona baka lisilo na hisi, au ukikohoa wiki 2, nenda hospitali. Ukipewa dawa, zimalize zote, hata kama umepata nafuu. Anayeziacha njiani huvifundisha vijidudu kuzishinda.

Maswali
1. Kwa nini vijidudu vya udongoni hutengeneza sumu?
2. Kwa nini mgonjwa hupewa dawa zaidi ya moja?
3. Waulize wazee: zamani wenye ukoma waliishije kijijini kwenu?