Baridi yabisi ya soriasisi (Kasongo na Kabambare)

Baridi yabisi ya soriasisi ni uvimbe wa viungo unaowapata baadhi ya watu wenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza ambamo kinga ya mwili huihimiza ngozi ijijenge upesi kupita kiasi, ikaota mabaka yenye magamba. Kati ya wagonjwa 10 wa soriasisi, hadi 3 huweza kuumwa viungo, kwa kawaida miaka kadhaa baada ya ngozi. Kwa wachache viungo hutangulia.

Katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo (DRC), mtu ana sababu tele za kuumwa viungo: kutwanga sombe (majani ya muhogo), kusukuma baiskeli yenye mizigo, kuchimba dhahabu upande wa Namoya, Kabambare. Lakini maumivu ya kazi hutulia mtu akipumzika. Maumivu ya baridi yabisi hii huwa makali alfajiri, viungo vikakakamaa nusu saa au zaidi, kisha hulegea mtu akianza kutembea. Kidole kizima, toka shina hadi ncha, huvimba kama ndizi ndogo. Kisigino huuma pale kano inaposhika mfupa. Kucha hutoboka vishimo kama kastabani ya fundi cherehani, au huachana na nyama. Dalili hii ya kucha ina thamani kuliko nyingi, nayo haihitaji hata taa.

Mabaka hutafutwa pia kichwani penye nywele, kitovuni na katikati ya matako. Vitabu huyaita mekundu kwa kuwa viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi huwa ya zambarau au kijivu. Yasichanganywe na ya ukoma: baka la ukoma kwa kawaida hufa ganzi. La soriasisi husikia mguso wa pamba.

Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha ugonjwa huu, na picha ya eksirei huonyesha mifupa iliyoliwa wakati umeshapita. Kazi ya kwanza ni ya macho ya muuguzi. Kasongo ina historia katika hilo: tangu miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo, ulioshirikisha Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulijulikana kwa vituo vya afya vilivyoongozwa na wauguzi, vikitegemea hospitali ya rufaa.

Kipimo kimoja hakirukwi: cha VVU. Nchini Zambia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wagonjwa 27 kati ya 28 wa baridi yabisi hii walikuwa na virusi hivyo.

Maumivu mepesi hutulizwa kwa ibuprofeni. Vidonge vya prednisoloni hupendwa kwa kuwa hufanya kazi haraka, ila vikikatizwa ghafla soriasisi huweza kulipuka mwili mzima kwa vipele vya usaha. Methotreksati hutuliza uvimbe wa viungo. Humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu, hivyo siku yenyewe huandikwa kwenye pakiti. Haipewi mjamzito, haipatani na pombe kama lotoko, wala haichanganywi na kotrimoksazoli, dawa ambayo wengi wenye VVU huitumia kila siku.