Wapelelezi wa Ulaya Morogoro: Njia moja, nia tofauti

Uwanda wa Kihonda, katika Manispaa ya Morogoro, upo karibu na njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji. Katika karne ya 19, wageni kutoka Ulaya walipita pande hizi za Milima ya Uluguru kwa nia zilizotofautiana.

Richard Burton na John Speke walipita Zungomero, kusini mwa milima hiyo, mwaka 1857. Walitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kutafuta maziwa makuu na chanzo cha Mto Nile. Nia yao ilikuwa elimu, ingawa waliagizwa pia kuchunguza bidhaa za bara zinazofaa kwa biashara.

Henry Morton Stanley alifika mwaka 1871. Yeye alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyetafuta habari ya kuuza: yuko wapi Dk. David Livingstone? Njiani alipita Simbamwene, mji wenye ngome uliojengwa na Kisabengo mahali palipo Morogoro ya leo, na ambao wakati huo ulitawaliwa na binti yake.

Livingstone mwenyewe, ambaye Stanley alimkuta Ujiji, alichanganya nia tatu: dini, utafiti wa Nile na kupinga biashara ya utumwa.

Wa mwisho, Carl Peters, hakutafuta ziwa wala mtu. Mwishoni mwa mwaka 1884 alizunguka Useguha, Nguru, Usagara na Ukami, akiwatia watawala saini katika mikataba ya Kijerumani, lugha wasiyoifahamu. Februari 27, 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo.

Haitakuwa haki kuwahukumu wote kwa kosa la mmoja. Livingstone hakuja kunyang'anya ardhi, na Burton hakubeba mikataba. Hata hivyo, ramani na vitabu vyao vilikwisha kuwaeleza Wazungu njia, mito na tawala za bara kabla Peters hajatia mguu. Kwa wenyeji wa Ukami, nia ya aliyetangulia haikuwakinga na nia ya aliyefuata.